Barua kwa shoga yangu: gauni letu la terilini

Chang'ombe, Dodoma
Julai 2025

Shoga yangu mpenzi,

Mbukwa! Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ndivyo tulivyokuwa tukianza barua zetu enzi zile, na mpaka leo sijapata salamu nyingine inayonitosheleza. Najua tumeongea kwa simu juzi tu, lakini simu ni ya habari za haraka: nani kaumwa, nani kaposwa. Haya ya leo yanataka mtu aketi.

Baridi ya mwaka huu imekuja na nguvu zake. Asubuhi natoka nje na sweta, kanga mbili na soksi, na bado magoti yanalia. Nyie wa Dar mnalala na feni, mnatuonea huruma kwa mbali. Huku hata kuku hawashuki mtini mpaka jua liwe limepanda.

Sasa sikia. Mjukuu wangu, huyu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuja Jumamosi akiwa na shughuli yake. Wenzake wamepanga siku ya kuvaa mavazi ya zamani, naye anatafuta cha kuvaa. Akanionyesha picha kwenye simu: mwanamume wa suruali ya pekosi na viatu vya raizoni, mwanamke wa afro na miwani iliyofunika nusu ya uso. "Bibi, si mlikuwa mnavaa hivi?" Nikamwambia, hao walikuwepo, na sisi tulikuwa miongoni mwao, lakini zamani ni ndefu kuliko picha hiyo. Kisha nikamtolea bahasha ya picha zangu, zile za studio.

Akazipanga mkekani moja moja. Mimi nimesimama kando ya stuli yenye maua ya plastiki, mkono wenye saa nimeuleta mbele ili saa ionekane. Wewe umekaa, miguu umeikunja upande. Marehemu mwenzetu wa Kondoa ameshika redio ambayo wala haikuwa yake, ni ya studio. Nyuma ya kila picha tumeandika "Ukumbusho". Mtoto akatazama, akarudia kutazama, akasema, "Bibi, hili gauni ni moja." Wanangu wote wamezishika picha hizo na hakuna aliyewahi kuligundua hilo. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mlikuwa maskini kiasi hicho?"

Swali hilo limenikaa wiki nzima. Nilimjibu papo hapo, lakini sikumjibu likaisha. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyebaki wa kuniambia kama nakumbuka sawasawa.

Nilianza kumweleza kwa bibi yangu wa Mvumi. Unamkumbuka? Ndewe za masikio zilizovutwa mpaka zikaning'inia, ushanga shingoni, kaniki moja ya shambani na nyingine ya ngomani. Kaniki ikiwa mpya ilikuwa ikitoa rangi, jioni bibi anabaki na weusi mabegani, nami napewa kazi ya kumsugua. Kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, alikuwa akiibana ngoma katikati ya mapaja, mabega yakitikisika, ushanga unaruka na kutua kifuani. Alituambia kwamba wazee wake waliipata kaniki na merikani kwenye misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Wasafiri walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo na ushanga ndipo wapite Ugogo na kuteka maji. Kwa hiyo mtu asimwambie mjukuu wangu kwamba huku kwetu nguo zilifika na reli. Watu wa hapa walikuwa wakichagua ushanga, wanaukataa wa rangi hii na kuutaka wa rangi ile, wakati hakuna hata nyumba moja ya bati.

Mama alikuwa mtu wa kanga. Doti ikinunuliwa haikuvaliwa siku hiyo. Ilikatwa, ikapindwa kwa mkono, ikafuliwa mpaka ule ukakamavu uishe, ndipo ikaonja mwili. Kanga zilizokuja baadaye za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, mama alizipenda kwa sababu hazikuchuja upesi. Alikuwa akizisoma majina kwa sauti dukani kabla ya kununua, na kama jina halimfai kulivaa mbele ya mawifi zake, aliirudisha hata kama rangi imemteka.

Na mwaka huo huo wa 1968 ndipo yalipokuja yale ya Operesheni Vijana. Nilimweleza mjukuu, hakuamini. Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio mwezi Oktoba, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini marufuku, mawigi marufuku, krimu za kujichubua marufuku, suruali za kubana marufuku. Sisi tulikuwa wasichana wa shule, tuliyasikia kwenye redio. Tukasikia na ya Kariakoo, wasichana wanashushwa kwenye mabasi na kuchaniwa nguo hadharani. Mwenzangu, wavulana nao walikatazwa suruali zao, lakini mikono ya watu iliwafuata wasichana. Lilinichoma wakati ule nikiwa sina hata hicho kimini chenyewe, na linanichoma leo nikiwa mzee wa kanga. Nchi ilikuwa changa, ilitaka heshima yake, naelewa. Lakini heshima ya nchi iliwekwa kwenye mapaja ya watoto wa kike, wakaachiwa waibebe peke yao.

Sketi zetu za shule, kumbuka, zilishuka chini ya magoti mbele ya mwalimu. Tukishalivuka lile korongo tunaikunja kiunoni mara mbili, tatu, mpaka mkanda unakuwa mnene tumboni. Tukiona mtu mzima anakuja, inashushwa. Kile kilikuwa kimini chetu, na kilidumu umbali wa kutoka korongoni mpaka kwenye mbuyu.

Gauni lilikuja baadaye, 1975, tukiwa walimu wapya. Hapa ndipo nataka unisahihishe kama nimekosea popote. Ninavyokumbuka mimi, mishahara yetu ilitosha kila mmoja ajinunulie poplini ya kawaida na kushona gauni lake. Aliyesema tusifanye hivyo ni marehemu. Alikuwa ameiona terilini ya bluu bahari kwenye duka moja pale Uhindini, akatupeleka tukaishika. Mwenye duka akaikunja kwenye ngumi, akaiachia, haina hata mkunjo mmoja. Kwetu sisi tuliozoea kupiga pasi ya mkaa mpaka kidevu kinatoa jasho, hiyo ilikuwa nguo kutoka mbinguni. Tukachanga.

Fundi wetu wa barazani alitupima sote watatu, akaandika vipimo kwenye boksi la sigara. Akakata kwa kumfuata aliye mpana kuliko wote, yaani wewe, na ndani ya mishono akaacha akiba ya vidole viwili kila upande. Chini akaweka pindo nene. Kola ndefu yenye ncha, mikono iliyofunguka chini mithili ya kengele, mkanda wa kitambaa hicho hicho, zipu ya chuma mgongoni, ile iliyokuwa ikikwama katikati mpaka mtu wa pili akusaidie. Kila mmoja wetu zamu yake ikifika alilipiga bandi kwa mkono kufuata mwili wake. Ili mistari isichanganyike, kila mtu alikuwa na rangi yake ya uzi: mimi mweupe, wewe mweusi, marehemu mwekundu. Ukiligeuza gauni ndani unaona sote watatu, mstari kando ya mstari, na matundu madogo ya sindano pale kiuno kiliponenepa au kilipopungua. Ulipojifungua mtoto wako wa kwanza, mstari wako ulihamia mpaka ukingoni kabisa mwa akiba. Fundi aliona mbali.

Na raizoni? Zilikuwa zako, nasi tuliziazima na pamba tukaweka mbele kwa sababu mguu wako ni mkubwa. Tulikwenda kwenye harusi na kandambili, raizoni mkononi, kwa sababu ule mchanga wa Dodoma hauna adabu. Tukikaribia uwanja, tunajifuta vumbi kwa leso yenye maji, tunavaa, tunaongezeka urefu, tunaingia. Wanaume wa ofisini wamevaa suti za Kaunda, vijana pekosi zinazofagia ardhi, afro zimechanwa kwa kitana cha meno marefu na wengine wanakiacha kitana kimechomekwa humo humo kichwani. Redio inampiga Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Sisi watatu hatukuwahi kuhudhuria harusi moja pamoja tukiwa tumependeza sawa. Mmoja siku zote alikuwa wa bluu, wengine wawili wa vitenge, na wale wawili ndio waliosimama nyuma yake kumvutia zipu.

Nywele nilimweleza kwa kifupi. Jumamosi chini ya mwarobaini, kichwa magotini kwa mwenzako, nywele zinafungwa kwa uzi mweusi mpaka macho yanavutika. Twende kilioni kwa siku za kawaida, mabutu kwa watoto. Kitana cha moto kilinishinda tangu siku kiliponigusa sikio, alama ipo. Baadaye ikaja kalikiti miaka ya themanini, kola zote zikalowa mafuta, na foronya pia.

Lakini kilichonifanya niandike ni miaka ile ya shida, kwa maana hapo ndipo jibu la yule mtoto lilipo.

Vita ya Kagera ilipokwisha 1979, nguo zilitoweka. Wewe unajua, ila watoto wetu hawajui jinsi kitu kinavyoweza kutoweka. Mbele ya duka la RTC, lile la serikali, watu wanapanga foleni tangu alfajiri bila kujua kinauzwa nini. Kanga ikija ni moja kwa kaya, na huchagui. Ndiyo maana kuna mwaka nusu ya mtaa wetu tulivaa kanga moja, mji wa kahawia na pindo la njano, misibani na sherehekeni. Sabuni hakuna, tukafua kwa majani ya mpapai. Viatu ni katambuga za tairi. Mifuko ya unga ya kitambaa tuliichemsha tukashonea shimizi na nguo za ndani za watoto, na maandishi hayakutoka yote.

Na hapo, shoga, ndipo sikuwahi kuona wanawake wanaojali kupendeza kama wale. Gauni likichakaa linafumuliwa mishono yote, kitambaa kinageuzwa upande wa ndani ambao haujapauka, linashonwa upya. Gagulo kuukuu likawa pazia, pazia likawa blauzi. Jirani yangu alifumua sweta la mume wake akafuma soksi za watoto na kofia juu. Uzi wenyewe wa kushonea ulichomolewa kwenye nguo zilizokufa, ukazungushwa kwenye kijiti cha kiberiti. Gauni letu la terilini tulilianza kwa kupenda, lakini kufikia 1982 lilikuwa gauni la mtaa. Limevaliwa na wifi yangu akiposwa. Limevaliwa na binti wa mwalimu mkuu akienda Dar kwenye usaili wa kazi, naye akalirudisha limefuliwa, limekunjwa, na ndani ya mfuko wa mkono kuna kipande cha sabuni. Kipande cha sabuni mwaka ule! Nililia.

Aprili 1984, Waziri Mkuu Sokoine alipotoka hapa Dodoma bungeni akapata ajali na kufia kule Dakawa, niliitoa kaniki ya bibi sandukuni nikajitanda. Majirani walikuja kuniomba vipande vya kujifunga kichwani kwa maombolezo, na nilikata. Sikuona uchungu kuikata. Bibi mwenyewe angekata.

Baada ya hapo milango ikaanza kufunguka. Masharti ya bidhaa za nje yalilegezwa mwaka huo wa 1984, mzee Mwinyi akashika nchi 1985, na mitumba ikamwagika. Kafa Ulaya! Mama yangu alikataa kuigusa mpaka ichemshwe kwenye sufuria yenye chumvi na ianikwe siku mbili. Mimi siwezi kuisema vibaya. Watoto wangu walipata makoti ya baridi hii ya Julai kwa bei ya fungu la mchicha, na hakuna mwalimu wa miaka ile ambaye mtumba haukumsitiri. Ila fundi wetu wa barazani alikaa mwaka mmoja, miwili, akishona viraka na sare za shule tu, halafu akauza cherehani akarudi kwao kulima. Hilo bado linaniuma. Alikuwa anajua mwili wa kila mwanamke wa upande huu wa mji, nani ana bega moja limeshuka, nani ana mimba ambayo hajaitangaza, na hakusema kwa mtu.

Leo mji umekuwa jiji, shoga. Ukifika hutaujua. Wasichana wanateremka kwenye daladala wakienda ofisi za serikali kule Mtumba wamevaa viatu vya mchuchumio, vumbi ni lile lile, na nawaona wengine wamebeba ndala kwenye mkoba. Nawasalimia kwa furaha ambayo hawaielewi. Wanawake wa rika letu tumehamia kwenye madera, mwili unapumua. Harusi haziendi bila sare za kitenge. Na mawigi, yale yaliyokuwa kosa la kitaifa, yananing'inia kwenye kila saluni kuanzia Majengo mpaka Area C. Mjukuu wangu ana matatu. Mama yake alianza kumsema kuhusu hilo na kuhusu jinzi zilizochanika magotini, nikamnyamazisha. Nimemwambia katika nyumba hii hakuna atakayepima sketi ya mtoto wa kike kwa rula wala kwa ulimi, maana niliyaona yalikoanzia na yalikoishia.

Basi jibu nililompa ni hili. Umaskini ulikuwepo, mwanangu, tena mkubwa. Lakini gauni lile halikutokana nao. Kila mmoja wetu angeweza kupata gauni lake baya. Tulitaka zuri, na zuri lilitosha moja, tukaligawana. Akakaa kimya, kisha akauliza liko wapi.

Na hapo ndipo nakuuliza wewe. Mara ya mwisho lilikuwa kwako. Ulilichukua kwa ajili ya harusi ya mdogo wako kabla hujahamia Dar, na baada ya hapo maisha yalitutawanya. Kama lilipotea katika kuhamahama, usihuzunike wala usinifiche. Kama lipo, hata kama panya wamelionja, naliomba. Si la mjukuu wangu kwanza, yeye atavaa kitenge changu cha wax cha Zaire na atapendeza. Nalitaka kwa binti wa marehemu. Nilimtumia ile picha ya mama yake na redio, akanipigia simu kutoka Kondoa, hakuweza kusema kwa muda. Hakuwa na picha hata moja ya mama yake akiwa msichana. Alipopata sauti akaniuliza kitu kimoja tu: mama alikuwa na kiuno chembamba vile kweli? Nikamwambia kiuno cha mama yako kimeandikwa kwa uzi mwekundu ndani ya gauni, na mwenye gauni nitamtafuta.

Njoo nalo mwenyewe. Sasa hivi hakuna kisingizio, treni ya umeme inakuleta kutoka Dar mpaka hapa kabla chakula cha mchana hakijapoa. Si yale ya zamani ya kulala njiani na kuamka Kilosa. Nitakupokea kituoni na mjukuu. Njoo wakati wa zabibu, nikupeleke Hombolo ukazile shambani. Nimekuwekea mlenda mkavu, karanga na ubuyu, na nitakupikia ugali wa uwele, maana najua huko mnakula sembe nyeupe tu. Wewe niletee nazi na doti moja ya kanga, rangi chagua wewe, ila jina nisomee kwenye simu kabla hujalipa.

Wasalimie watoto na wajukuu wote, na mkwe wako mwambie dawa ile ya mgongo nimeipata. Jirani zangu wanakusalimu bila kukujua, kwa sababu nakusema kila siku.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.

Nimesahau: kama zipu imeshika kutu usiibadilishe huko. Nimepata fundi pale Majengo, kijana mdogo lakini mkono wake umetulia, ana zipu za chuma za zamani kwenye kopo. Na mishono ya ndani mtu yeyote asiifumue kabla binti hajaiona.